Msomi wa Machozi Atoa Jasho kwa Wasifu wa Mama Yake

Saa tatu asubuhi, Migwani. Dkt. Kisilu Mutie amesimama mbele ya mama yake, karatasi mkononi, akikohoa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Mama huyo, Kasyoka, 74, anapepeta pojo kwa ungo. Hainui macho.

"Soma," anasema.

Kinachosomwa ni wasifu wa marehemu, na marehemu mwenyewe ndiye huyo mwenye ungo.

Kisilu, 46, ni mhadhiri wa chuo kikuu. Kwa miaka kumi na saba amechunguza jinsi Waingereza wa karne ya kumi na nane walivyoandika kuhusu kifo na huzuni: watu wa kuzimia makaburini na kulowesha leso ukurasa baada ya ukurasa. Majirani waliacha kumletea watoto wenye surua walipojua udaktari wake ni wa aina gani.

Balaa lilianza 1985, walipomzika baba yake. Kisilu alisoma kurasa tisa zenye mbalamwezi, upepo na machozi tele. Kisima alichochimba mzee kwa mikono yake, ambacho kijiji hunywa maji yake hadi leo, hakukitaja.

"Watu walikaa kwa jua mpaka isyo ikapoa kwa sufuria," Kasyoka anasema, akimaanisha mahindi na maharagwe ya wageni. "Na bwana yangu hakuna mahali alionekana. Yangu nitaisikia nikiwa hai."

Majirani wananong'ona kwamba mama anajiitia kifo.

"Kwani kifo inasoma karatasi?" anawajibu.

Tangu likizo ianze mwezi huu wa Agosti, 1988, amemrudisha mwanawe akaandike upya mara tatu.

"Hii machozi ni ya nani?" aliuliza mara ya kwanza.

"Ni mtindo tu, mama."

"Toa."

Leo ni mara ya nne. Kisilu anasoma jinsi mama alivyowaswaga mbuzi wawili kwa miguu hadi Kitui mjini ili yeye aingie sekondari, akarudi na kamba tupu. Sauti inakatika. Anajaribu tena, inakataa kabisa. Bingwa wa machozi ya watu wengine anatafuta leso, hana.

Kasyoka anaweka ungo chini. Amefurahi waziwazi.

"Hapo sasa! Lakini mbuzi walikuwa watatu. Rekebisha. Na kila mwaka utaniongezea ukurasa moja."

Kitabu cha Kisilu, chenye kurasa 312, kinatarajiwa kuchapishwa mwakani.

"Naomba jambo moja tu," anasema, akipangusa miwani kwa shati. "Wasifu wa mama uwe mnene kukishinda."