Nyanya Zilizozidiwa Maji

Fundi cherehani mmoja, ambaye wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo zake hazikufumuka, alikuwa na bustani ndogo uani aliyoipenda kuliko hata cherehani yake. Msimu ule nyanya zilimtia wasiwasi. Majani ya chini yaligeuka manjano, kisha miche ikawa inalegea tangu asubuhi, jua hata halijawaka.

Akapindua majani kutafuta wadudu, asiwaone. Akakata shina moja akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, aone kama litatoa ute mweupe wa ugonjwa. Maji yakabaki maangavu. Akamshuku jirani kwamba bomba lake linavuja chini ya ukuta. Wakarushiana maneno, wakanuniana.

Muuza mbegu ndiye aliyemwuliza, "Mama, mizizi umeiangalia?"

Alirudi akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inachubuka kwa kidole, tena inanuka uvundo. Udongo ulishikana mkononi kama unga uliokandwa. Akaubeba mche hadi dukani.

"Maji yamezidi hayo," muuza mbegu akasema. "Unamwagilia mara ngapi?"

"Jioni tu, na si kila siku."

"Basi kuna mwenzako anayemwagilia."

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, fundi umeme mstaafu, mtu wa utani mwingi.

Kesho yake hakwenda kibandani kwake kushona. Alikaa karibu na dirisha la jikoni, gauni la mteja mapajani. Mumewe akatoka na kopo la kumwagilia, akapita mche kwa mche bila haraka, akaingia ndani kunywa chai. Kikombe hakijaisha, akatoka tena, akashika jani, akatikisa kichwa, akajaza kopo. Alipomaliza na kurudi bombani kulijaza upya, mkewe aliweka sindano chini, akamfuata.

"Baba Watoto, si umemwagilia sasa hivi?"

"Nani, mimi?" Akacheka. "Leo hazijapata hata tone. Angalia zilivyolegea. Siku hizi umezitupa mkono."

Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Mama Pindo aliitazama ile suruali. Mambo aliyokuwa akiyapuuza yakamjia kwa pamoja: pasi iliyoachwa ikiwaka, binti yao kuitwa kwa jina la shangazi yake, ile siku mzee alipopotea akitoka kwa kinyozi na kudai alikuwa anapunga upepo. Kila mara alimtetea, kwamba ni uchovu, ni utani wake tu.

"Lete nikusaidie," akasema, akalipokea kopo.

Nyanya zote aling'oa. Hospitalini daktari alithibitisha kwamba kumbukumbu zinamtoka mzee na hazitarudi. Binti alipoelezwa kwa simu aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mama Pindo alikwenda kumwomba jirani radhi, naye akakiri kwamba alikuwa akimwona mzee akimwagilia kutwa nzima, akaona si vizuri kusema.

Siku hizi mzee hupewa kopo amwagilie vumbi la mlangoni, na huifanya kazi hiyo kwa bidii, mkewe akishona pembeni. Asubuhi moja alitua kopo, akamwita "shemeji" kwa heshima zote, akamwuliza mwenye nyumba hii yuko wapi.

"Anakuja," mkewe akamjibu, akamsogezea kiti.