Mwaka Tuliolima Kwetu Kwanza

Bati jipya lina harufu yake. Likishushwa kwenye lori na jua la saa nne likalipiga, hutoa harufu ya mafuta na chuma, kama panga lililotoka kunolewa. Mimi naijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote hapa Busia, maana duka langu la vifaa vya ujenzi ndilo kubwa upande huu wa mpaka, na asiyeamini aje asubuhi aone malori. Sikulirithi. Shule niliishia darasa la tano, na Kiswahili hiki mnachosoma sikufundishwa na mwalimu, nilikiokota hapahapa mpakani nikibeba abiria kwa baiskeli kutoka lango hili hadi lile. Lakini harufu ile ikipanda, mimi mwenye mabati ya kufunika kijiji kizima narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimejibanza nyuma ya jiko la mama huko karibu na Nagongera, nimemnunia baba.

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Ya baba mkubwa Ochwo, kaka yake baba, ilikuwa ya bati, na boma lilikuwa moja. Yeye alikuwa na ng'ombe wa kulimia. Sisi tulikuwa na majembe mawili, moja mpini wake umefungwa kwa mpira. Kila mwaka mambo yalikwenda vilevile. Mwezi wa pili ghala la mama lilibaki tupu mpaka panya wakahama, naye akachukua kapu lake akaenda kwa baba mkubwa, akarudi na muhogo mkavu. Hakuna aliyeandika kitu. Mvua ya kwanza ikinyesha, baba mkubwa alisimama uani akakohoa mara moja tu, na sisi sote, baba, mama, dada yangu Nyafwono na mimi, tukatoka na majembe kwenda kulima kwake. Wiki mbili, mara nyingine tatu. Tulipogeukia shamba letu, magugu yalikuwa yametutangulia na mvua nzuri imekwisha kupita. Wimbi, yaani ulezi, likatoka fupi, ghala likajaa nusu, na mwezi wa pili mama akashika kapu tena. Mimi nilidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa, kuna watu wa mvua ya kwanza na kuna watu wa mabaki ya mvua.

Halafu wakaja watu wa mradi wa kuwagawia maskini pesa. Walipita kijijini wakitazama mapaa. Nyumba ya nyasi waliiandika, ya bati waliiruka. Baba mkubwa, ambaye maishani mwake hakuwahi kurukwa, akasema pesa hizo ni za watu wa chini ya maji, na atakayezipokea, mtoto wake wa kwanza ataitwa huko majini asirudi. Nyafwono ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu. Alilia siku mbili.

"Wewe nilikuzaa kwa shida," mama akamwambia. "Hakuna wa kukuita bila kupita kwangu. Kachote maji."

Siku hizi pesa za namna hiyo huingia kwenye simu, hata jirani hajui. Wakati ule zilikuja kwenye bahasha ya kaki, mbele ya watu, uwanjani kwa kanisa. Msichana wa mradi alimkabidhi mama, akamwambia ni zenu, fanyeni mnalotaka.

"Tunarudisha lini?" mama akauliza.

"Hamrudishi, mama."

"Na tutamlimia nani?"

Yule msichana akacheka, akidhani ni utani. "Hamumlimii mtu." Mama hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua leo litapumzika.

Kijiji kikaingiwa na homa ya mabati. Kila aliyepata bahasha alisema bati, bati. Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa mkubwa tangu utoto, nilikwisha kutangaza shuleni kwamba yetu yatakuwa mapana kuliko ya baba mkubwa, na mvua ikinyesha mwalimu atashindwa kufundisha kwa kelele zake. Wenzangu wakanipa jina la Bati. Nililipenda.

Siku ya soko baba na mama walikwenda Nagongera. Nikawasubiri njiani tangu mchana, nikisikiliza kama nitasikia chuma kikigongana. Nilichosikia ni mlio wa mnyororo mkavu. Baba alikuwa anasukuma baiskeli ya kuazima yenye gunia, na nyuma yake kijana wa soko anasukuma yake yenye magunia mawili. Muhogo mkavu. Magunia matatu ya muhogo mkavu, na kifuko cha mbegu za karanga, na majembe mawili mapya.

"Mabati yako wapi?"

"Yatakuja," baba akasema.

Mama akamimina muhogo kwenye ghala lake, akafunika, akaziba kwa udongo. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Watu walimcheka baba, wakasema Owere kapewa nyumba kaila. Shuleni ndiyo usiulize. "Wewe Bati, jana mlikula ukuta au paa?" Sikusema na baba kwa mwezi mzima, na yeye, kwa upole wake, alijifanya haoni.

Asubuhi ya mvua ya kwanza nilikuwa macho. Udongo ulinukia, nyasi za paa zilikuwa bado zinadondosha maji. Baba mkubwa akasimama uani, akakohoa. Hakutoka mtu. Akakohoa tena, kikohozi cha kulazimisha. Ndipo baba akatoka na jembe jipya, na mama nyuma yake ameshika kibuyu.

"Owere, mvua huisikii?"

"Nimeisikia, kaka. Leo nalima kwangu."

"Kwako? Unitangulie mimi?"

Hapo mjue jambo moja. Katika boma letu mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mkubwa wake. Akithubutu, huo mkosi hauoshwi kwa maji. Na mkubwa alikuwa hapandi mpaka shamba lake lote limelimwa, na la kulilima ni sisi. Nilimwona baba akishusha jembe chini. Angeshindwa pale, tungekula magunia yale matatu, kisha mama angeshika kapu lake kama kawaida.

Mama akapiga magoti. Akaweka kibuyu cha pombe ya wimbi mbele ya baba mkubwa, na juu ya kipande cha jani la mgomba konzi ya mbegu.

"Shemeji, hakuna wa kukutangulia. Mbegu hizi hapa. Mila inasema mkubwa aanze kutia mbegu. Haijasema amalize shamba."

Baba mkubwa alizitazama mbegu, akamtazama mama, akakitazama kibuyu zaidi.

"Maneno haya nani kakufundisha?"

"Njaa, shemeji."

Akachukua mbegu, akaenda pembeni mwa shamba lake, akatoboa udongo kwa kisigino, akatia, akafukia kwa mguu. "Haya. Nimepanda." Akarudi akanywa, akafuta mdomo. "Na mimi nitalimiwa na nani?"

"Una ng'ombe, kaka," baba akasema taratibu. "Na una vijana wanne."

Tukasikia kule kwa vijana mlango ukifungwa polepole kutoka ndani.

Tulilima kwetu mpaka jioni. Tulikula muhogo wetu mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, bila kukopa, huku wimbi likitupita magotini, likitupita kiunoni. Karanga zilipoiva, kapu la kwanza mama alilipeleka kwa baba mkubwa, kapu lilelile. Alilipokea, na wakati huo wanawe walikwisha kujua kushika jembe.

Mabati yalikuja baada ya misimu kadhaa. Miaka ikapita, karanga za shamba lile zikauzwa, na baiskeli ikanunuliwa, ile ninayowasimulia watu kila siku kwamba nilianza nayo mpakani bila kushikwa mkono na mtu. Nikisema nilijitengeneza mwenyewe sidanganyi, jasho ni langu. Ila nilichelewa sana kuelewa nani alinitangulizia shamba mbele ya bati. Baba amelala kule Nagongera sasa, na sikuwahi kumwambia kwamba kununa kwangu kulikwisha.

Siku hizi wanakuja dukani akina mama wa vijijini, simu mkononi, pesa za mradi zimeingia jana. Wanataka mabati. Mimi mfanyabiashara, nawauliza kwanza, "Mama, nyumbani kuna chakula cha kuwafikisha mvua ya kwanza?" Akisema hakuna, namwambia aende kwanza sokoni akanunue muhogo, bei ya bati nitamwekea. Mke wangu anasema nafukuza wateja. Namwambia aache, watarudi. Sisi tulirudi.