Kitanda cha Kijani cha Mzee Brashi

Mzee Brashi alishastaafu, ila kucha zake hazikuwa zimepata habari: bado zilikuwa na rangi pembeni. Katika mtaa wake, ukikuta kitu hakijapakwa rangi, jua kimeletwa jana. Mageti, madawati, milango, vyote vilipita mikononi mwake. Aliwahi kupaka hata jiwe la kizingitini, eti lisijione limetengwa.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kitanda kimoja cha mtoto. Alikipaka mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee. Rangi ya mafuta, kijani, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kikang'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Tangu binti akue, kitanda kilikaa stoo chini ya turubai kikimngoja mjukuu. Na sasa mjukuu alikuwa njiani.

Binti alipokuja kuwasalimia wazazi, tumbo mbele, alikikuta sebuleni kimeshaoshwa, baba yake kasimama kando kama anayetaka kupigwa picha. Binti mwenyewe alibeba mfuko wa vitu vya mtoto: sabuni isiyo na manukato, shuka za pamba tupu, na kigodoro alichokianika dirishani mpaka harufu ya kiwandani ikaisha.

"Siku hizi mnazaa na maabara yake," Mzee Brashi akamtania.

"Cheka tu, Baba." Binti alikizunguka kitanda taratibu. "Ni kizuri. Lakini mtoto hatalala humu."

"Kwa nini? Kimekukosea nini?"

"Rangi. Nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Kliniki wametuambia yanaharibu ubongo wa mtoto."

"Basi nakipiga msasa leo leo."

"Vumbi lake ndilo baya zaidi."

"Napaka mpya juu yake."

"Akianza kuota meno atang'ata, Baba, mpaka aifikie ya chini."

"Na ang'ate! Kwani wewe hukung'ata? Njoo hapa uone."

Akamvuta mkono hadi kwenye ukingo wa juu. Pale rangi ilikuwa imebanduka kwa vijishimo vidogo vilivyopangana, mbao ikichungulia ndani. Mzee hakuwahi kuviziba. Miaka ile binti alipokuwa shule ya bweni na nyumba imepoa, alikuwa akiingia stoo, anafunua turubai, anavipitishia kidole gumba kimoja kimoja, kisha anatoka na kudai alikuwa anatafuta nyundo.

"Wewe na ukingo huu!" alisema, uso umemchangamka. "Narudi kutoka kazini jioni nakukuta umesimama hapa hapa, unaruka ruka, midomo yote ya kijani. Ndiyo maana nikakuita Kasuku. Nakufuta na ovaroli, nakubeba, halafu kesho yake tena mido…"

Kidole kilikuwa bado ndani ya kishimo.

"Mbona kimya huko?" mkewe akauliza kutoka jikoni. "Mmeshagombana?"

Binti aliuona uso wa baba yake. "Kumbe ndiyo maana hesabu zilinikataa," akasema. "Nami nikamsema mwalimu bure."

Mzee hakucheka, yeye ambaye alikuwa hodari wa kucheka hata msibani.

"Nilikufuta na ovaroli ya kazini," akasema. "Na yenyewe imejaa rangi."

"Hukujua, Baba."

"Nilikuwa nafurahi, mama. Nilikuwa nasimulia kazini."

Alikirudisha stoo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akafunga kwa kufuli ambalo halikuwahi kuwapo. Kesho yake alikwenda kwa fundi seremala akaagiza kitanda kipya.

"Rangi utapaka mwenyewe, najua," fundi akasema.

"Hakipakwi."

"Hata vanishi?"

"Hata vanishi. Msasa tu."

Fundi alimtazama kama mtu aliyesikia samaki amekataa maji, ila akafanya kazi. Kitanda kilipokamilika, Mzee Brashi alikitazama kilivyokuwa kitupu, mkono wa kulia ukimwasha. Kisha akainama, akaweka mdomo kwenye ukingo wa juu, akausogeza polepole kutoka pembe hii hadi ile, mbele ya wateja wote.

"Mzee, vipi tena?"

"Nipe msasa," akasema. "Hapa bado kuna kibanzi."