Sosisi za Papa na Zile za Uzi Mwekundu

Enzi zetu pale mtaani Ngagara, kabla watoto hawajaanza kukipiga chakula picha kana kwamba kinatafutwa na polisi, sosisi ilikuwa jambo la Jumapili. Nayasema haya nikiwa kwenye kochi langu, ambapo kaka zangu wanadai nimeota mizizi kama muhogo. Ni kweli, mimi si mtu wa kutoka. Safari yangu ndefu kwa juma ni kwenda duka la kona, na hata hiyo naifanya nikinung'unika. Juzi nilisimama mbele ya frigo ya duka hilo nikakuta aina sita za sosisi za nguruwe, zote ndefu, zote zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Kwetu sosisi ilikuwa fupi. Papa, baba yetu, alifanya kazi katika kiwanda cha nyama kule Zone Industrielle, eneo la viwanda upande wa bandari, kwenye mashine ya kujaza nyama ndani ya utumbo. Zilizotoka nzima zilikwenda hotelini, na mfanyakazi hakuuziwa. Zilizopasuka au kukatika waligawana wao kila Jumamosi. Papa alirudi na baiskeli, kifurushi kimefungwa nyuma kwa mpira, mbwa wa kartiye, mtaa mzima, wanamsindikiza kama waziri. Kesho yake, baada ya misa, Mama anawasha mbabula ya makaa uani, mafuta yanaanza kugomba, na harufu ya pilipili manga inapita ukuta mpaka kwa majirani. Sisi watoto tunachuchumaa na sahani zetu, macho yanatoka machozi, hatusogei.

"Mutashiba moshi," Mama anasema, "nyama nitampa paka."

Sasa, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zile zilikuwa zimekatika. Mpaka nina miaka kumi niliamini sosisi inazaliwa hivyo: kipande cha urefu wa kidole gumba, upande mmoja umefumuka.

Shuleni nilikaa dawati moja na Goreti, ambaye baba yake alikuwa na kazi ya ofisini, ya kuvaa tai. Kwao walikula sosisi za dukani mjini, zile zilizofungwa ncha kwa uzi mwekundu. Wakati wa mapumziko, tukingoja zamu ya kuruka kamba, tulibishana kama wabunge. Goreti alisema za kwao ni laini na tamu. Nikamjibu kwamba laini ni ya wasio na meno, zetu ukitafuna unajua umetafuna. Siku moja akachora ya kwao kwenye daftari, kwa rula, ikajaza mstari mzima.

"We Goreti, hiyo si sosisi," nikamwambia. "Hiyo ni mupira wa kumwagia maua."

"Chora yenu."

Nikachora. Akainamia daftari. "Mbona imekatika?"

"Haikukatika. Sosisi ya kweli iko hivi. Hizo zenu wanazivuta. Kuja kwenye sherehe ya komunyo yangu, utaona."

Jioni nikausimulia ubishi huo nyumbani kwa majivuno. Kaka zangu walicheka mpaka mkubwa wao ugali ukamtokea puani. "Zetu ni zile zilizoharibika, we mujinga," akasema alipopata pumzi. Papa peke yake hakucheka. Aliitazama sahani yake.

"Mama," akaniita, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "huyo Goreti atakuja kweli?"

"Atakuja na mama yake."

"Haya."

Wiki mbili nzima niliomba Mungu Goreti augue. Kidogo tu, malaria ya siku moja. Hivyo ndivyo nilivyojiandaa kupokea komunyo ya kwanza.

Goreti alikuja akiwa mzima kama kengele. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililokwisha kuvaliwa na binamu zangu wawili, na nilikuwa nimeketi katikati ya uwanja wa kwetu kama bibi harusi asiyeolewa na mtu. Mama akaleta sinia. Sosisi zilikuwa nzima, ndefu, zinang'aa. Ndipo nikaona, kwenye ncha ya mojawapo, kipande cha uzi mwekundu. Papa alikuwa amepanda baiskeli kwenda mjini kununua sosisi za watu wengine ili mimi nisiaibike.

Goreti aliuona uzi. Alinitazama. Mama yake ndiye aliyesema, bila nia mbaya: "Ni nzuri sana, Papa. Ni za kwenu kazini?"

Papa akainama kuzipanga upya sosisi kwenye sinia. 

Nikasimama na gauni langu, nikaingia jikoni, nikatoa bakuli la vipande vya Jumamosi alivyovificha Mama. Nikaviweka mbele ya Goreti. "Zetu ni hizi," nikasema. "Zimekatika. Papa ndiye anayezitengeneza."

Goreti alikula kimoja. Akanywa maji, akasema zina pilipili. Akachukua cha pili, akachukua cha tatu. Papa naye akachukua sosisi ya uzi mwekundu, akaitafuna polepole, macho juu, kama fundi anayesikiliza injini ya mwenzake.

"Wanafunga vizuri," akasema. "Lakini nyama wanaisaga mpaka inasahau kama ilikuwa nguruwe."

Uwanja mzima ukacheka, mama Goreti wa kwanza. Goreti aliendelea kuzitetea za uzi mwekundu, mkaidi yule, lakini Jumatatu dawatini aliniuliza Papa anarudi na baiskeli saa ngapi Jumamosi.

Papa hayupo tena, na kiwanda kile sasa ni depo ya saruji. Zile aina sita za dukani nimezionja zote, kwa kujitolea kwangu kwa ajili ya ukweli na kwa hasara ya kiuno changu. Moja ina chumvi, moja ina rangi, moja nadhani ina unga. Watoto wa kaka yangu hawajui hata tofauti, wanazizamisha zote kwenye mayoneze, kisha wanarudi kwenye simu. Jumapili iliyopita nilizinunua nzima, nikazivunja kwa mkono kabla ya kuzikaanga, nikaongeza pilipili manga. Mdogo wao akaninyanyulia macho mimi shangazi yake.

"Tantine, mbona zimekatika?"

"Hazikukatika," nikamwambia. "Sosisi ya kweli iko hivi."