Bi Mahbuba na Zawadi za Bahreni

Bi Mahbuba binti Thani aliteremka Matrah, bandari ya Omani, mwishoni mwa mwaka wa sitini na nne, mjane wa miaka arubaini, ana sanduku moja la bati na kopo la karafuu. Alitoka Unguja kwa haraka, haraka ya mtu asiyejua achukue nini aache nini, na katika haraka hiyo alikumbuka jambo moja alilofunzwa na mama yake: huendi kwa watu mikono mitupu. Akafungua kabati, akachopoa doti ya kanga mpya, nyekundu yenye maua meupe, akaitia sandukuni bila ya kuitazama mara mbili.

Aliyempokea ni Mahfoudh, binamu wa marehemu mumewe, mwuza vitambaa katika soko la Matrah. Mkewe aliitwa Nasriya, mwanamke wa milima ya Jabal Akhdhar, mrefu, mwembamba kama ufito, na mwenye roho ya kutoa. Alimpa mgeni chumba cha juu, akampa na godoro lake mwenyewe. Mahbuba naye akamkabidhi kanga. Nasriya hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini rangi ilimpendeza. Siku ile ile akajitanda, akatoka nayo kwenda kumwonesha jirani yake, Bi Sayyida.

Sasa Bi Sayyida, ingawa kazaliwa Matrah, aliolewa Unguja akakaa huko miaka kumi. Alikuwa akisoma maandishi ya kanga kama mtu anavyosoma barua.

"Nasriya, nani kakupa nguo hii?"

"Mgeni wangu. Nzuri, sivyo?"

"Unajua imeandikwa nini?"

Nasriya hakujua. Bi Sayyida akasitasita, lakini neno likishafika mlangoni halirudi ndani. Akamfasiria: *Choyo chako kitakukondesha.*

Mtu anenepe au akonde ni kazi ya Mungu, lakini Nasriya alikuwa akitaniwa wembamba wake tangu utoto, na choyo hakuwa nacho hata kidogo. Alirudi nyumbani, akaikunja kanga, akaiweka mlangoni kwa Mahbuba. Tangu hapo chakula kilikuja kwa wakati, maji yalikuja kwa wakati, ila neno halikuja. Mahbuba alikaa siku tatu anajiuliza kakosa nini. Ya nne ndipo Bi Sayyida alipopanda ngazi akamweleza.

"Wallahi Bi Sayyida, sikuisoma!" Mahbuba alishika kichwa. Kwanza alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Nilichopoa tu. Hata kama ingeandikwa jina langu nisingeliona."

"Nnajua, shoga yangu. Lakini yeye hajui."

Mahbuba alishuka, akaomba radhi kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Nasriya alimjibu kuwa yamekwisha. Yalikwisha mdomoni. Moyoni yalibaki, na wanawake wawili wanaokaa nyumba moja hawafichani kitu kama hicho.

Basi Mahbuba akaanza kumtazama mwenyeji wake, asimtazame kwa kumchunguza, ila kwa kutaka kumjua. Miezi ikapita. Akagundua kuwa kila wafanyabiashara wa Jabal wakishuka na punda zao, Nasriya huenda kuwauliza kama mawaridi yamechanua. Akijibiwa kuwa bado, hurudi. Akijibiwa kuwa tayari, hununua chupa moja ya marashi, huinusa, huiweka rafuni, wala haigusi tena.

"Mbona huyatumii?" Mahbuba alimwuliza siku moja.

"Mazuri," alisema Nasriya. "Lakini si ya kwetu. Kila kijiji na waridi lake."

Mahbuba alilishika neno hilo. Alikwenda kwa Bi Sayyida, na Bi Sayyida akamtafuta mchukuzi mmoja wa Jabal aitwaye Thabit, wakamwomba akipanda safari ijayo apite kijijini kwa kina Nasriya, kwenye bustani ya mama yake hasa, alete mfuko wa mawaridi yaliyoanikwa. Thabit alicheka. Kupanda mlima wote ule kwa maua makavu! Lakini alileta.

Kwao Unguja Mahbuba alikuwa fundi wa vikuba, vile vifurushi vidogo vya maua na majani ya kunukia ambavyo wanawake huvibana kifuani. Alichuma rihani aliyoipanda kwenye mkebe juu ya paa, akachanganya na yale mawaridi na unga kidogo wa sandali, akafunga kikuba kwa uzi mwekundu. Akampelekea Nasriya jikoni.

Nasriya alikipokea kwa adabu tu. Kisha akakinusa. Akaketi pale pale juu ya gunia la mchele.

"Haya ya kwetu," alisema. "Haya ya mama yangu. Nani kakwambia?"

"Wewe umeniambia."

Asubuhi ile Nasriya hakupika. Alieleza jinsi mama yake anavyotia maua katika mtungi wa kupikia marashi, moshi unavyowauma macho, na yeye mtoto akilazwa karibu na tanuri wakati wa baridi. Mahbuba alishika nusu ya maneno, nusu nyingine aliyaona usoni. Tangu siku hiyo wakawa ndugu, na jambo moja likamkaa Mahbuba: kanga ile aliitoa ili yeye mwenyewe asionekane kaja mikono mitupu. Kikuba alikitoa kwa sababu ya Nasriya.

Habari za kikuba zilizunguka mtaa. Wanawake wakaanza kuja kumwomba awachagulie zawadi. Huyu ana harusi, huyu ana wifi kajifungua, huyu mumewe yuko Kuweti na kuna mtu anakwenda. Mahbuba hakuwa akimjibu mtu papo kwa papo. Alikuwa akiuliza maswali hadi mwulizwaji achoke: atakayepewa anapenda kukaa wapi, hulalamikia nini, nani kamfia. Wengine walimwona mdadisi. Lakini waliporudi kumshukuru, walirudi na wenzao.

Mwaka wa sitini na saba ikawa zamu ya Bi Sayyida mwenyewe. Mwanawe, Harub, alikuwa akifanya kazi Bahreni na ameoa huko, binti aitwaye Hamdiya. Wakati wa harusi ruhusa ya serikali ya kusafiri haikutoka, na hakuna hata mtu mmoja wa Matrah aliyehudhuria. Mama wa bibi harusi, Bi Lulwa, alilichukulia jambo hilo kuwa ni dharau. Miaka miwili imepita, mjukuu amezaliwa, na salamu za Bi Sayyida zilikuwa hazijibiwi. Sasa ruhusa imepatikana.

"Nnataka kumpelekea Bi Lulwa bangili ya dhahabu," alisema Bi Sayyida. "Nzito. Ajue kuwa tunamheshimu."

"Bi Sayyida," alisema Mahbuba, "watu wa kisiwa kile babu zao walikuwa wakizamia lulu. Utampelekea dhahabu ili iweje? Ataipima, ataiweka. Mtu wa kisiwani mpelekee asichokuwa nacho."

"Hana nini?"

"Sijui. Mwandikie Harub, muulize."

Barua ilikwenda, jibu likachukua mwezi. Harub aliandika kuwa mama mkwe hataki chochote. Amesema tu kuwa binti yake kaolewa na mtu asiye na watu, maana tangu harusi hajaona sura ya jamaa hata mmoja.

Mahbuba alisomewa barua mara mbili. "Amesema anachotaka," alisema. "Anataka watu."

"Siwezi kuutia mtaa mzima melini!"

"Utautia kapuni."

Wakaanza. Nasriya alitoa chupa ya marashi ya kijiji chao, na safari hii alimtuma Thabit yeye mwenyewe. Mahfoudh alitafuta halua kwa fundi anayemwamini, ikatiwa katika bakuli la udongo. Bibi mmoja kipofu wa nyumba ya pili alisuka kipepeo cha makuti cha kujipepea. Mke wa mvuvi wa kijiji cha Yiti alileta ndimu kavu za mti wake. Wasichana wawili walidarizi kofia ya mjukuu, na kwa kuwa kila mmoja alishona upande wake, pande zile hazikulingana, na Mahbuba akakataa zisahihishwe.

Yeye alifungua lile kopo la karafuu, za mwisho alizotoka nazo kwao. Alizirowesha zikalainika, akazitunga moja moja kwa sindano, akapitisha waridi kavu kila baada ya kumi, likatoka koja refu la kuvaa shingoni. Koja la asumini lingenyauka kabla ya meli kung'oa nanga. Hili lingekaa miaka. Nasriya alimkuta akinusa vidole vyake.

"Kopo limebaki tupu," alisema Nasriya.

"Ndiyo. Tutalitilia kitu kingine."

Siku ya safari ilipokaribia Mahbuba alimkalisha Bi Sayyida akamuusia. "Meli ikianza kuyumba, lamba ndimu na chumvi. Tandika katikati ya meli, usitandike mbele. Ukishuka, koja uwe nalo mkononi, mvalishe Bi Lulwa kabla hujasema neno, halafu umuombe radhi. Kapu usilimwage siku moja! Kila siku toa kitu kimoja, umwambie nani kakitengeneza na ni mtu wa namna gani. Kisiwani mgeni anapewa nafasi. Usiende mbio."

"Na asiponipokea?"

Mahbuba alilifunga kapu. "Utakuwa umekwenda," alisema. "Hilo nalo hajawahi kulipata kwetu."

Bi Sayyida alikaa huko miezi miwili, na miezi miwili yote Mahbuba hakuwa na raha. Kama koja lingetupwa? Kama kofia ya upogo ingechekwa? Siku ya siku mashua ikamleta Bi Sayyida ufukweni, amenenepa. Hakusubiri hata kufika nyumbani.

"Siku ya kwanza alinipokea kwa baridi. Nikamvalisha koja, hakulivua, lakini hakusema. Siku ya tatu nikamtolea kipepeo, nikamweleza habari za bibi kipofu. Akaniuliza, nani anampikia? Hapo nikajua mlango umefunguka. Siku ya tano yeye ndiye aliyenifuata chumbani: leo zamu ya nani?"

Mahbuba aliushika mkono wa Bi Sayyida, akaubana.

"Na kofia?"

"Mtoto haivui. Bi Lulwa kanambia, mtu akinunua kofia dukani hupata pande zinazolingana. Hizi zimeshonwa na watu."

Baada ya hapo barua zilikwenda na kurudi. Katikati ya mwaka wa sabini serikali ikabadilika, njia zikafunguka, na waliokuwa nje wakaanza kurejea. Harub naye akarudi kushika kazi serikalini, na mkewe, na watoto wawili, na mama mkwe aliyesema anakuja kwa wiki tatu tu. Bi Lulwa alipita mtaani nyumba kwa nyumba, anawatambua watu kabla hajatajiwa majina. Wiki tatu zikawa miezi mitatu.

Mwisho wa mwaka Mahfoudh alimgawia Mahbuba nusu ya duka lake sokoni. Aliweka meza, viti viwili, marashi, vipepeo, kofia na ubani. Siku ya kwanza hadi adhuhuri hakuuza kitu. Kisha akaingia msichana wa Yiti na baba yake, Marhoon. Msichana alikuwa akienda Kuweti kusomea uuguzi, wa kwanza kijijini kwao kwenda kusoma ng'ambo, na angekaa kwa mama mmoja mwenye nyumba asiyemjua.

"Tupe kitu cha kumpelekea," alisema Marhoon, akitazama saa. "Chochote kizuri."

Mahbuba alimvutia msichana kiti.

"Huyo mama ana watoto?"

"Sijui," alisema msichana.

"Basi keti, mwanangu. Na wewe baba, pumzika hapo. Tutachelewa kidogo."