Uji wa Jumamosi

Nitasema bila kuzunguka: mdomo wangu ndio uliomtoa mwenzangu kazini. Watu wakisimulia mambo ya zamani hujipaka mafuta. Mimi sina mafuta ya kujipaka.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili tukifuma sweta za shule kwa mashine za mkono, kwenye jengo la mabati chini kidogo ya mji wa Nyeri, unapoteremka kwenda Majengo. Ilikuwa ile miaka ya themanini, watoto wakimaliza shule na kurudi kukaa nyumbani. Kila asubuhi wasichana walisimama langoni na bahasha zao za kaki, vyeti ndani, meno yakigongana kwa baridi. Msimamizi wetu aliwapenda sana wasichana wale. Hakuwaajiri, aliwatumia. Ukimwomba ruhusa ya kwenda hospitali, au ukilalamika kwamba saa ya kutoka imepita, hakubishana nawe. Alifungua dirisha. "Angalia hao," alisema, kisha akalifunga. Unarudi kwenye mashine yako umenywea.

Sheria ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Karatasi yake ilibandikwa ofisini, nyuma ya mlango, na mlango ule ulikuwa wazi mchana kutwa, kwa hivyo hakuna aliyeiona. Mwenzangu ndiye aliyeisoma, siku alipotumwa kufagia mle ndani. Akatuambia mwanamke akijifungua ana haki ya miezi miwili na kazi yake inamngoja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwaka uliotangulia mmoja wetu alikuwa ameomba miezi hiyo hiyo, na mashine yake ilipata mtu mwingine kabla ya saa nne.

Huyu mwenzangu alikuwa Mwislamu wa Majengo, na alikaa kando yangu. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi ya mbao, kwa hivyo chakula cha nyumba yao kilitoka kwenye ile mashine na si kwingine. Alipopata mimba hakumwambia mtu. Buibui lilimsitiri. Mimi nilijua kwa sababu nilimwona akitafuna yale mawe laini ya sokoni wanayopenda wajawazito, nikanyamaza. Hapo nilijua kunyamaza.

Alijifungua Jumatano. Akamtuma jirani kumwambia msimamizi kwamba ana homa, na mimi nikaletewa ujumbe wangu: "Nimepata msichana. Usimwambie mtu, dada. Jumatatu niko kwenye mashine."

Usimwambie mtu. Maneno mawili tu, na yalinishinda. Huku kwetu mwanamke hazai akaachwa hivi hivi kama aliyetengwa. Wanawake humpikia uji wa wimbi, wakaubeba, wakaenda kuona mtoto, na yeye akanywa ili maziwa yashuke. Alhamisi nilimwambia mmoja. Ijumaa wote walijua. Tukakubaliana kwamba Jumamosi, kwa vile tunatoka saa saba, kila mmoja aje kazini na themosi yake ya uji, tuteremke Majengo pamoja. Wanawake wazima na akili zetu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba tukitoka tunapekuliwa.

Tulipekuliwa kila siku ili tusiibe uzi. Msimamizi alifungua themosi ya kwanza, akanusa. Akafungua ya pili. Alikuwa mtu wa Tetu kama mimi, na mama yake alikuwa amenyweshwa uji ule ule. Hakuuliza nani amezaa. Alituangalia mmoja mmoja mpaka akaona ni nani hayupo. Kisha akajimiminia kikombe kutoka kwenye themosi yangu, akanywa taratibu, akasema umepikwa vizuri.

"Wewe," akaniambia, "si uko na dada yako mdogo amekaa tu huko Wamagana?"

"Niko naye."

"Akuje Jumatatu."

Ningeweza kukataa. Lakini dada yangu alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili, cheti chini ya godoro, na baba alikuwa ameanza kumsema kila akimwona anakula. Nikasema asante. Nilisema mara mbili.

Halafu nikaenda kuona mtoto. Naam, nilienda. Tulienda sote na uji wetu, na wenzangu wakaniachia mimi niseme, na mimi sikusema. Alikuwa ameketi kitandani, uso umevimba, anacheka. Akanipakatisha mtoto. Akanywa uji wangu vikombe viwili huku akinigombeza: "Si nilikukataza, wewe usiye na siri?" Kisha akauliza kama msimamizi ameshuku. Nikamwambia hajashuku kitu.

"Basi Jumatatu, inshallah," akasema.

Jumatatu alikuja, akitembea kwa hatua fupi fupi, buibui limelowa maziwa kifuani. Dada yangu alikuwa kwenye mashine tangu saa moja. Msimamizi alimzuia mwenzangu langoni, mbele ya wale wasichana wa bahasha.

"Ile karatasi nyuma ya mlango inasema miezi miwili," mwenzangu akamwambia. "Mimi sikuomba hata wiki."

"Ni haki yako kabisa," msimamizi akasema. "Nenda uchukue. Chukua hata mwaka."

Wasichana wakacheka. Nilitamani kutoka niwazabe makofi mmoja mmoja, kisha nikakumbuka dada yangu alikuwa hana kazi kama wao wiki iliyopita, na mimi mwenyewe zamani kidogo. Nikaendelea kufuma.

Saa nne, wakati wa chai, nilitoka. Alikuwa bado amesimama pale pale. Nilikuwa nimeshatengeneza uongo wangu, lakini hakuniuliza chochote.

"Yule msichana kwenye mashine yangu," akasema, "mnafanana."

Akanipa themosi niliyokuwa nimeiacha kwake, akaenda zake.

Huku kwetu, na kwao Majengo vilevile, ukimrudishia mtu chombo chake unatia kitu ndani, hata kiwe kidogo. Niliifungua. Ilikuwa imeoshwa ikakauka, na ndani mlikuwa na sukari, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Aliifunga asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani, akijua anakuja kazini kukaa kando yangu.

Dada yangu alikuwa na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. Akaniuliza kama ninayo. Nikamtilia vijiko viwili, nami nikajitilia viwili.