Nilimchongea mwenzangu Dubai kwa sababu ya mbao ya kanisa la Uingereza

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wale wa "hii ni chai, umetunga" piteni kushoto mapema, maana haya nimeyafanya mimi mwenyewe na bado yananiuma.

Ilikuwa 2014 hivi. Nilikuwa seremala kwenye karakana moja mtaa wa Al Quoz, Dubai, tunakarabati fanicha za zamani za Wazungu. Chumba nilikuwa nashea na Athmani, Mkenya wa Mombasa, fundi rangi. Jamaa wa swala tano, mimi Mkatoliki wa Songea. Tulikuwa tunaelewana freshi tu.

Siku moja madam mmoja Mwingereza akaleta mlango wa kabati la familia yao, umepakwa rangi ya kahawia. Akasema chini ya hiyo rangi kuna michoro, na mbao yenyewe ilitoka kwenye kanisa la kijijini kwao, la miaka mia sita huko. Anataka isafishwe airudishe kanisani.

Kazi akapewa Athmani. Siku nne yuko peke yake kwenye kona na kisu chake cha kukwangulia.

Siku ya tano nikapita pale kuchukua gundi.

Mama yangu! Watakatifu watano wamesimama, mavazi mekundu na ya dhahabu yanawaka. Lakini nyuso zote zimekwaruzwa. Macho hakuna, midomo hakuna. Nguo hazijaguswa hata kidogo.

Nikajisemea, huyu kafanya makusudi. Si alishaniambia dini yao haitaki sanamu? (Nilimuuliza mimi, akanijibu kwa roho safi kabisa. Ila siku hiyo jibu lake nililikumbuka vingine.)

Hata sikumuuliza. Nikaenda moja kwa moja kwa arbab, mwenye karakana. "Sir, Athmani spoiled the faces."

Arbab akawaka kama moto. Athmani akaapa, "Wallahi nimezikuta hivi!" Wapi. Akaambiwa khalas, kesho viza inakuwa cancelled, arudi kwao. Na ana watoto watatu wanamtegemea yeye tu.

Jioni akanifuata kitandani kwangu. "Ndugu yangu, wewe wanijua. Kesho nisemee kwa arbab."

Nikamjibu inshallah. Wakuu, nilisema inshallah huku naangalia vidole vyake, naamini ndivyo vilivyokwaruza!

Asubuhi madam akaja, ameitwa aombwe radhi. Akainama, akawasha tochi ya simu, akatuita tusogee. Ndani ya ile mikwaruzo kulikuwa na rangi ya kahawia imeganda. Maana yake nyuso zilikwaruzwa kwanza, rangi ikaja baadaye. Seremala wa uzoefu wa miaka kumi na mbili mimi, kitu hicho sikukiangalia.

Akatueleza kwamba zamani mfalme wao aligombana na Papa, ikaja amri picha za watakatifu ziondolewe makanisani. Waliokwaruza ni waumini wa kijiji hicho hicho, ambao wazee wao walichangishana zichorwe. Wakristo wenyewe! Baadaye kuna mtu akaipaka rangi juu, ndiyo maana haikuchomwa.

Arbab kwa aibu akamgeukia Athmani. "Sorry, my friend. Your brother told me it was you." Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

Athmani hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo jana nilipokuomba unisemee, ulikuwa ushasema?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Viza haikuguswa. Ila wiki hiyo hiyo akahamia mtaa wa Satwa kwa Wakenya wenzake. Kazini tukabaki na salamu tu.

Nilichojifunza: kushuku tutashuku, ni ubinadamu. Lakini muulize mwenyewe kabla hujampeleka kwa bosi, hasa ugenini, neno lako moja linampandisha mtu ndege. Mimi nilikuwa nalala hatua mbili kutoka kwake na sikumuuliza.

Nimemwomba msamaha mara mbili. Anasema yameisha. Hayajaisha, najua.

Ungekuwa wewe Athmani, ungenisamehe? Niambieni ukweli, hata wenye matusi nitawasoma.